Jembe Mama la Fuaweni

Sitasimulia nilivyofika Fuaweni. Njia ilikuwa ndefu, viatu vyangu vilikuwa vibovu, na msomaji hatanufaika kwa kujua nilikula nini njiani. Inatosha kusema kwamba niliingia nchi hiyo asubuhi moja mwanzoni mwa msimu wa kupanda, na jambo la kwanza nililoliona lilinikera.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kwa miaka thelathini na mitatu nilivuta kamba na kupigilia vigingi, na hadi leo mstari uliopinda huniumiza kama kokoto ndani ya kiatu. Sasa mashamba ya Fuaweni yote yalikuwa yamepinda. Matuta yalianza vizuri kando ya barabara, yakaenda hatua kumi kwa adabu, kisha yakaanza kulalia kushoto, taratibu, mpaka mengine yakavuka mpaka na kuingia kwa jirani. Ya jirani nayo hayakuwa nyumbani, yalikuwa yamekwenda kwa jirani wa pili. Nilimkuta bwana mmoja amesimama katikati ya shamba, jembe begani, akiyatazama matuta yake yanavyomhama.

"Kuna nini hapa, bwana?" nikamwuliza.

"Ardhi yetu imepinda," akanijibu bila kinyongo. "Serikali inalishughulikia."

Katika nchi ile kila mgeni hupokewa na Msikilizaji Mkuu, kwa hiyo nikapelekwa kwa Bwana Vuai. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye masikio makubwa ambayo, kama alivyonieleza mwenyewe, ndiyo yaliyompatia cheo. Alinikaribisha chai na mihogo ya kuchemsha, kisha akaniandikia kibali cha kukaa. Aliishika kalamu kama mtu anayemshika nge, na herufi zake zilianguka huku na huku hata sikuweza kulisoma jina langu mwenyewe.

"Usijali mwandiko," akasema. "Kazi yangu ni kusikiliza. Twende nikuoneshe."

Akanipeleka kwenye jumba kubwa la bati lililokuwa likinguruma kwa kelele za nyundo. Ndani, katikati, ulisimama Mtambo. Ulikuwa mrefu kama nyumba, umepakwa rangi ya kijani, na ulifanya kazi kwa utulivu mkubwa: bamba la chuma liliingia upande mmoja, mkono wa Mtambo ukalikata, mwingine ukalikandamiza, na upande wa pili likatoka jembe, likateleza kwenye rundo la wenzake. Kelele haikuwa yake. Kando ya ukuta walikaa watu arobaini na mmoja kwa safu mbili, kila mmoja na fuawe mbele yake, wakigonga nyundo juu ya fuawe tupu.

"Hawa wanafua nini?" nikauliza kwa sauti ya juu.

"Mlio," akajibu Bwana Vuai, na akanitoa nje ili tusikizane.

Huko nje alinieleza. Fuaweni ni nchi ya wahunzi tangu enzi za mababu, na sheria yao ya kwanza kabisa ni Sheria ya Mlio: chuma chochote kisiuzwe kabla afisa hajasikia nyundo ikilia juu yake. Zamani sheria hiyo ilikuwa na maana nzuri, kwa kuwa chuma chenye ufa husema kikigongwa. Lakini Mtambo haugongi. Jembe linatoka kimya kama yai.

"Tungefanya nini?" akaniuliza. "Tuvunje sheria?"

"Mngeibadilisha."

Akanitazama kwa huruma. "Bwana mgeni, sheria ile ni kongwe kuliko Mtambo. Mkubwa hampishi mdogo. Kwa hiyo tukawaajiri wahunzi wa mtaa wetu, wakawa Wapigaji Mlio. Wao wanagonga, mimi nasikia, natia sahihi, jembe linauzwa. Kila mtu ana kazi yake."

Debe tupu haliachi kuvuma, nikajisemea moyoni. Lakini nilikuwa nimekula mihogo yake, nikanyamaza.

Nisimwonee mtu. Watu wa Fuaweni hawakuununua Mtambo kwa upumbavu. Babu zao walikuwa wakiyeyusha mawe yenye chuma katika tanuri za udongo, wakivukuta kwa viriba vya ngozi ya mbuzi mpaka macho yanawatoka. Baba zao wakaachana na mawe, wakaanza kupasua springi za malori na kuzifua. Karakana zilikuwa arobaini na mbili katika mtaa mmoja, na kila jembe lilitengenezwa kwa ajili ya mtu wake. Mhunzi hakugusa chuma kabla ya kumwambia mteja, "Nyoosha mkono." Aliupima mkono, akauliza urefu wa mtu na aina ya udongo wake, ndipo akawasha moto. Majembe yalikuwa mazuri ajabu, ila yalichelewa. Mtu aliyeagiza wakati wa kupanda alilipata wakati wa kuvuna, na maskini wengi walilima kwa vijiti. Mtambo ulipokuja, ukatoa kwa siku moja majembe ambayo mtaa mzima haukuyatoa kwa mwaka, watu walicheza ngoma siku tatu. Hata mimi ningecheza.

Kosa lao lilikuwa kwingine. Waliouza Mtambo walisema, "Upeni jembe moja lililo bora kuliko yote, nao utafua mengine kama hilo hadi mseme basi." Basi Baraza la Chuma, ambalo ndilo serikali yao, likakusanya majembe ya nchi nzima, likayapanga juu ya meza yenye kitambaa chekundu, na wajumbe wakapita wakiyatazama. Waliyatazama asubuhi, wakala, wakayatazama tena mchana. Hakuna hata mmoja aliyeinama kulima. Jioni wakachagua lililo zuri kuliko yote, kazi ya marehemu Makame, mhunzi ambaye hakuwa na mfano. Jembe hilo lilikutwa nyumbani kwake baada ya maziko, limefungwa kwenye kanga. Wakaliita Jembe Mama, wakaliweka ndani ya sanduku la kioo kwenye ukumbi wa Baraza, na mtu akipita mbele yake huvua kofia. Mtambo ukafundishwa kwa jembe hilo, na watoto wake wakafika elfu arobaini.

Ndipo ardhi ikaanza kupinda.

Baraza likaunda Kamati. Mwaka wa kwanza Kamati iligundua kwamba kosa ni la ardhi, ikasimamisha mabango mashambani ya kuionya. Mwaka wa pili iligundua kwamba kosa ni la mikono ya wananchi, zikafanyika semina, na Bwana Vuai alinihakikishia kwamba chakula cha mchana kilikuwa kizuri. Mwaka wa tatu, yaani mwaka niliofika mimi, Kamati ilikuwa imeleta mswada usemao kwamba kupinda ndiko kunyooka kwa kisasa.

"Na jembe?" nikauliza. "Kuna aliyelichunguza jembe?"

Bwana Vuai akageuka kutazama kama kuna mtu karibu, kisha akaziba masikio yake yote mawili kwa viganja. Alikuwa mtu mwema na hakutaka kuwa na la kuripoti.

Lakini ni yeye huyo huyo aliyenitajia karakana ya arobaini na mbili. Mhunzi mmoja tu alikuwa amekataa kuwa Mpigaji Mlio, mwanamke aitwaye Sikudhani binti Makame, mtoto wa pekee wa yule marehemu. Na sasa alikuwa na kesi. Wakaguzi walikuwa wamekuta mashamba matatu yamenyooka bila kibali. Walipofuatilia, waligundua kwamba wenye mashamba yale walikuwa wakiyaficha majembe yao ndani ya mizigo ya kuni na kuyapeleka kwa Bi Sikudhani, naye akiyatia moto na kuyarudisha yakiwa mengine. Shitaka lake liliandikwa hivi: kunyoosha mali ya taifa.

"Akitiwa hatiani?" nikauliza.

"Moto wake utazimwa kwa maji mbele ya watu," akasema Bwana Vuai, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na kicheko. "Nyundo ya baba yake itachukuliwa. Na yeye atakaa kwenye safu pale jumbani, agonge fuawe tupu maisha yake yote. Kesi ni keshokutwa."

Nikaenda kumwona. Karakana yake ilikuwa mwisho wa mtaa, baada ya milango arobaini na moja iliyofungwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mabega ya mtu anayejua kazi. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa akifua bawaba kwa mkono wa kulia, na nilishangaa kuona nyundo ikimsumbua.

"Karibu, kaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Ila mwenyeji wako hapa amekwisha shitakiwa, labda umechelewa."

Nikajitambulisha, nikamweleza kuhusu kamba zangu na jinsi matuta yao yalivyoninyima raha. Akacheka sana. Kisha akaenda kufunga mlango, akarudi kwenye fuawe, akaihamishia nyundo mkono wa kushoto. Hapo nikaona uhunzi. Bawaba ilimalizika kabla sijapata pa kukaa.

Ni lazima nieleze desturi moja. Fuaweni, kama kwetu, mkono wa kushoto hauli na wenzake, hautoi wala haupokei. Lakini wenzetu wamezidisha. Mtoto akionekana ni mashoto hufungwa kitambaa mkono, na mtu mzima aliye mashoto huhesabiwa kuwa hakulelewa. Bi Sikudhani alikuwa ameficha mkono wake kwa miaka yote hiyo nyuma ya mlango uliofungwa.

Akachukua moja ya majembe ya Mtambo, akaniwekea machoni.

"Angalia tundu la mpini. Sasa angalia ubapa. Unaona ulivyolala upande mmoja? Kidogo tu, upana wa punje ya mchele."

"Naona. Limekosewa."

"Halijakosewa hata kidogo!" akasema kwa ukali uliotoka moyoni. "Baba hakukosea jembe hata siku moja. Hili ni jembe la mtu mashoto. Ukilishika kwa kushoto mbele, linaingia chini kama kisu kwenye boga. Ukilishika kwa kulia, linakuvuta, na mstari unaondoka nalo. Wamechukua jembe la mkono mmoja wakaupa mkono wa kila mtu."

"Kwa nini husemi?"

Akalitua lile jembe chini. "Niseme Jembe Mama ni la mashoto? Watu wanalivulia kofia, kaka. Wataniuliza, umejuaje? Na nikijibu nimejuaje, hata hao wanaoniletea majembe ndani ya kuni hawatakuja tena."

Hakuniambia zaidi, wala sikumlazimisha. Nilimwambia tu kwamba mficha uchi hazai. Akanijibu kwamba wanaosema hivyo kwa kawaida wamevaa nguo zao zote. Nilistahili jibu hilo.

Siku ya kesi ukumbi wa Baraza ulijaa. Hata Wapigaji Mlio waliruhusiwa kuja, kwa hiyo Mtambo ulisimamishwa, maana usingeweza kufua bila kusikika. Mwenyekiti, Bwana Mbaruku, mtu mrefu mwenye sauti nzito, alikaa chini ya sanduku la kioo lenye Jembe Mama. Mkononi alikuwa na kengele ya chuma.

Shahidi wa kwanza alikuwa Mhandisi Ngwali, kijana mpole aliyekuwa akiutunza Mtambo.

"Mhandisi," akasema Mwenyekiti, "Mtambo umewahi kukosea?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nimepima majembe elfu mbili. Hakuna linalotofautiana na Jembe Mama hata kwa unene wa unywele."

"Kwa hiyo majembe ni sahihi."

"Yanafanana, Mheshimiwa," akasema yule kijana. "Mimi nimeulizwa kama yanafanana."

Mwenyekiti akapiga kengele, kwa kuwa jibu lile lilikuwa refu kuliko alivyotaka. Mjumbe mmoja akasimama kueleza kwamba mtu akilima kwa kuzunguka hufanya mazoezi zaidi, na hilo ni faida kwa afya ya taifa. Mwingine akasema mashamba yaliyopinda yameleta ujirani mwema, maana kila mtu sasa ana tuta kwa mwenzake. Huyu alipigiwa makofi.

Kisha nikaitwa mimi. Bi Sikudhani hakuwa na shahidi mwingine, na sheria yao inamruhusu mgeni. Nilieleza kwamba kwa siku mbili nilikuwa nimepima mashamba ishirini na saba, bondeni na mlimani, na kwamba yote yalipinda upande mmoja kwa kipimo kile kile.

"Ardhi ikipinda, waheshimiwa," nikasema, "haipindi yote sawasawa. Na mikono ya watu ikipinda, mmoja huenda huku na mwingine kule. Kitu pekee kinachofanana katika mashamba yote haya ni jembe."

Watu kadhaa wakavua kofia zao kwa hofu. Bwana Vuai, aliyekuwa mstari wa mbele, akainua viganja kuelekea masikioni, halafu akavishusha tena, akasikiliza.

"Mgeni," akasema Mwenyekiti polepole, "unamtukana Mama?"

Kabla sijajibu, Bi Sikudhani akasimama. "Mheshimiwa, mimi ni mhunzi, na mhunzi akibishana na mteja kuna sheria yetu. Shahidi wa mwisho ni udongo. Naomba tutoke nje."

Makarani wakapekua vitabu. Sheria ilikuwepo, tena ilikuwa ya pili tu baada ya ile ya Mlio, na hakuna aliyeifuta kwa kuwa hakuna aliyeikumbuka. Tukatoka nje, mbele ya ngazi za Baraza, ambako palikuwa na uwanja wa udongo mzuri na bustani ya maua aliyoipanda Mwenyekiti kwa mikono yake.

Bwana Mbaruku hakuwa mwoga. Alivua koti, akachukua jembe jipya la Mtambo, akasema kwamba ataonesha taifa zima jinsi lilivyonyooka. Akaanza kulima kutoka ngazini. Alikuwa na nguvu, na alikazia macho mbele kama askari wa gwaride. Hatua kumi za kwanza zilikwenda vizuri, watu wakashangilia. Kisha mtaro ukaanza kulala. Mwenyekiti akakaza meno, akalivuta jembe kulia, nalo likamvuta kushoto. Ukapita nyuma ya mlingoti wa bendera, ukapanda kwenye bustani, ukang'oa maua mekundu, ukang'oa na ya manjano, na Mwenyekiti akaendelea, jasho likimtiririka, mpaka akagonga kitu kwa mguu. Akainua macho. Ilikuwa ngazi ile ile aliyoanzia.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha Mpigaji Mlio mmoja mzee akashindwa kujizuia, na kicheko kikapita kwa umati wote. Mwenyekiti mwenyewe alitazama maua yake, akatazama mtaro wake, mdomo ukimchezacheza.

"Ardhi hii…" akaanza.

"Nipeni Mama," akasema Bi Sikudhani.

Kama wasingekuwa bado wanacheka, nadhani wangekataa. Sanduku likafunguliwa, jembe likaletwa. Akalipokea kwa mikono miwili, akaupitisha mkono kwenye mpini kama mtu anayekagua kama mtoto amekula. Nilimwona akivuta pumzi. Kisha, mbele ya Fuaweni yote, akatanguliza mkono wa kushoto.

Umati ukaguna. Yeye akainama, akalima. Hakukaza macho mbele wala hakutoa jasho. Alikwenda toka ngazini hadi ukuta wa upande wa pili, hatua sitini, udongo ukifunguka chini yake. Alipofika nikatandaza kamba yangu kando ya mtaro. Katika kazi yangu nzima sikuwahi kutaka mstari unyooke kama nilivyotaka siku ile. Haukuachana na kamba hata kwa upana wa kidole.

"Mimi ni mashoto," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini watu wa nchi ile wamezoea kusikiliza. "Nilizaliwa hivi. Mama alinifunga kitambaa, nikawa naangusha kila kitu. Nilipofika miaka kumi na miwili baba alikifungua, akaniambia, 'Nyoosha mkono, mwanangu.' Nikamnyooshea wa kulia. Akasema, 'Huo sio. Nipe ule unaouficha.' Akanifulia jembe hili wiki tatu, na wateja wakimlalamikia mlangoni. Akaniambia, 'Kula kwa kulia, salimia kwa kulia, watu wana adabu zao. Lakini udongo hauna meza. Limia mkono uliopewa.' Nililitumia kwenye kishamba chetu cha nyuma ya nyumba, palipo na ukuta. Mlilichukua siku ya matanga yake, waheshimiwa, na mimi nikaona haya kusema ni langu."

Hapo alilia kidogo, nami sioni aibu kuandika kwamba nililia pia.

Nilimtazama Mwenyekiti, naye alikuwa akitazama viatu vyake vilivyojaa udongo. Ndipo nikasikia mtu akikohoa, na Bwana Vuai, Msikilizaji Mkuu, akanyanyua mkono wake wa kushoto juu.

"Mnaujua mwandiko wangu," akasema. "Miaka ishirini mmekuwa mkiulaumu. Basi ndiyo sababu yake."

Baraza lilijadili siku tatu. Si kwamba kulikuwa na shaka, kila mtu alikuwa amekwisha uona ule mtaro. Tatizo lao lilikuwa kwamba Mtambo hauwezi kuwa umekosea, kwa kuwa ulifuata Jembe Mama. Jembe Mama halijakosea, kwa kuwa lilinyooka kama kamba. Na Baraza haliwezi kukosea, kwa kuwa ni Baraza. Walikwama hapo mpaka Bwana Vuai alipopata kifungu katika sheria za kale, kifungu cha saba, akakisoma kwa furaha: "Asifue chuma katika Fuaweni yeyote ambaye hajakaa unagenzi miaka saba chini ya mhunzi."

"Mtambo ulikaa unagenzi kwa nani?" akauliza.

Hakuna aliyekumbuka. Ikabainika kwamba Mtambo ulikuwa umefanya kazi miaka mitatu kabla hata ya kuanza kujifunza. Kwa hiyo Baraza likaazimia kwa kauli moja kwamba Mtambo ni mwanagenzi. Makosa ya mwanagenzi si jinai, na kuyanyoosha ni wajibu wa bwana wake. Ila bwana huyo hakuwepo, na mhunzi pekee aliyekuwa na moto ni Bi Sikudhani. Hivyo yeye hakuwa amevunja sheria, alikuwa akitimiza wajibu kabla hajaambiwa. Shitaka likafutwa, na Mtambo ukakabidhiwa kwake kwa miaka saba.

Desturi yao inamtaka mwanagenzi afike kila asubuhi, amwamkie fundi wake na kufagia karakana. Baraza lilizingatia kwamba Mtambo hauna miguu wala mdomo, likamteua Mhandisi Ngwali autekelezee. Nilikuwepo asubuhi ya kwanza. Kijana alifika na ufagio, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bibi. Mtambo unakuamkia."

"Marahaba. Umelalaje?"

"Umelala vizuri, Bibi. Umetiwa mafuta."

"Haya, fagia. Kisha unijibu jambo moja. Huyo mwanagenzi wangu anaweza kujifunza jembe la pili, au kichwa chake kimejaa?"

Mhandisi Ngwali akaacha kufagia. "Bibi, Mtambo unaweza kujifunza hata elfu. Ukitaka kila jembe liwe na umbo lake, nao unakubali, tena haupunguzi mwendo."

"Miaka mitatu wewe ulikuwa ukijua hivyo?"

"Hakuna aliyeniuliza," akasema.

Bi Sikudhani alikaa juu ya fuawe, akacheka mpaka akaifuta pua kwa kanga. Siku ile ile alichonga ubao wenye alama, mtu akiulaza mkono wake juu yake hupata kipimo. Ubao ukawekwa mlangoni pa jumba la bati, na kabla Mtambo haujakata chochote mtu huambiwa, "Nyoosha mkono." Ameongezea na maswali mawili: udongo wako ni wa aina gani, na mkono wako wa kweli ni upi. Hilo la pili huulizwa kwa sauti ya chini. Mtambo hukata na kukandamiza, Wapigaji Mlio hupokea jembe likiwa bado na moto, hulitengeneza ubapa, hulitia mpini na kuligonga kulisikia. Nyundo zao sasa zina chuma chini yake. Bwana Vuai ameanza kusaini kwa kushoto, na majina yanasomeka, ila ana malalamiko: amegundua kwamba aliwahi kuidhinisha mambo mengi ambayo asingeyaidhinisha kama angeweza kuyasoma.

Nisiseme kwamba wamepona kabisa. Mswada wa kwamba kupinda ni kunyooka haujaondolewa, umepelekwa kwa Kamati nyingine.

Bi Sikudhani alipoulizwa anataka nini kama fidia, alitaka kitu kimoja, jembe lake. Wajumbe walisita. Walisema ni tunu ya taifa, wakapendekeza apewe picha yake iliyochorwa vizuri. Mwenyekiti Mbaruku akawaachia waseme, kisha akainuka, akalitoa kwenye kioo yeye mwenyewe, akateremka ngazi. Alilishika kwa mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka. Bi Sikudhani akanyoosha wa kulia kupokea.

Mwenyekiti hakumpa.

"Huo sio," akasema.

Bi Sikudhani akaushusha. Kisha akanyoosha wa kushoto, na Mwenyekiti akalitia jembe mkononi humo, mbele ya watu wote, na hakuna aliyekohoa. Sanduku la kioo limebaki tupu pale ukumbini. Lina mlinzi mpaka leo, kwa sababu hakuna kifungu cha kumwondoa.

Niliondoka siku mvua ya kwanza ilipotaka kunyesha. Nilipita kando ya kishamba cha Bi Sikudhani. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebomolewa, na sasa mtu yeyote apitaye njiani angeweza kumwona. Alikuwa akilima na lile jembe la baba yake, na matuta yalikuwa yamenyooka hata kamba yangu ikabaki mfukoni. Aliponiona akaliinua jembe juu kwa mkono wa kushoto kuniaga. Na mimi, niliyefundishwa tangu utotoni kwamba mkono huo hausalimii mtu, nikapunga wangu wa kushoto mpaka nilipopinda kona.